Maswali ya Wasomaji: Je, Mwamba Bandia Utaturudishia Ufuo Wetu?

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, salamu nyingi. Mimi ni mama wa makamo, nina shamba dogo la minazi lililo ukingoni mwa bahari, kusini mwa mji wa Malindi. Miaka minne iliyopita mwenye kiwanja kilicho kusini kwetu, umbali wa kama mita 300, alijenga ukuta wa mawe ulioingia baharini ili boti zake zipate utulivu. Tangu hapo mchanga umejaa upande wake wa kusini hata ngazi zake za chini zimefukiwa, na upande wetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanafika kwenye mizizi. Minazi mitatu imeanguka na wa nne umeinama. Mwanangu, ambaye ni mvuvi, amesikia kwamba katika nchi nyingine watu hujenga miamba bandia ndani ya maji na ufuo hurudi. Kikundi chetu kiko tayari kuchanga fedha. Je, jambo hili ni kweli, na kwetu linawezekana?
— Mama mwenye shamba, Malindi

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa minazi yako. Mnazi mrefu wa Pwani hauanzi kuzaa mpaka mwaka wa sita au wa saba, kwa hiyo aliyeupoteza amepoteza pia miaka ambayo fidia haiwezi kuirudisha. Swali la mwanao ni zuri, nami nitalijibu kwa urefu, kwa sababu barua tatu nilizopokea mwezi huu zinazunguka jambo hili moja. Ni kweli kwamba miamba bandia imerudisha ufuo mahali kadhaa; ni kweli pia kwamba mahali pengine imezidisha mmomonyoko. Tofauti iko katika vipimo, na bahari yetu ina kipimo kimoja kigumu ambacho mara nyingi husahauliwa na wanaoleta michoro kutoka mbali, nacho ni bamvua.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mchanga wa ufuo hautulii mahali pamoja. Pepo za kusi zinapovuma, tangu Aprili hadi Oktoba hivi, mawimbi huupiga ufuo wetu kwa mshazari kutoka kusini-mashariki. Kila wimbi hupandisha chembe za mchanga kwa mshazari na maji yakirudi huzishusha moja kwa moja, na hatua hizo ndogo zikirudiwa maelfu ya mara kwa siku, mchanga husogea kuelekea kaskazini. Zinapoingia pepo za kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, mwendo hugeuka, lakini kwa kuwa kusi hudumu zaidi na mawimbi yake ni mazito zaidi, hesabu ya mwaka mzima kwa kawaida huelemea upande wa kaskazini. Ukuta wa jirani yako umeikatiza njia hiyo. Mchanga unaotoka kusini unarundikana nyuma yake na kufukia ngazi, na mawimbi yanayoizunguka ncha ya ukuta yanafika kwako yakiwa na nguvu ya kubeba lakini hayana mzigo. Basi yanachukua mzigo wao shambani mwako.

Jambo hili si geni. Bandari ya Madras, ambayo leo ni Chennai, ilipojengewa kuta zake katika karne ya 19, mchanga ulijaa upande wa kusini na kupanua ufuo mkubwa ambao wenyeji wanaringa nao hadi leo, na upande wa kaskazini bahari ikala makazi ya wavuvi. Wanaoishi chini ya pepo za misimu kama zetu wamekwisha kuyaona haya kwa zaidi ya miaka 100.

Ningependa uyathibitishe kwa macho yako, kwa sababu ukienda kulalamika utaulizwa una ushahidi gani. Chukua machungwa matatu. Maji yakiwa yanajaa, yatupe pale mawimbi yanapovunjikia, chomeka kijiti ufuoni mkabala wake, subiri dakika 10, kisha hesabu hatua kutoka kwenye kijiti hadi yalipofika. Kumbi la nazi halifai kwa kazi hii, maana huelea juu mno na upepo hulisukuma. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo hufuata maji. Fanya hivyo mara moja kila wiki, na uandike tarehe, upepo uliovuma na upande machungwa yalikoelekea. Pamoja na hayo, simamisha nguzo tatu katika mstari kutoka kwenye minazi kuelekea majini, na kila bamvua upime ni kiasi gani cha nguzo kimebaki juu ya mchanga. Daftari la mwaka mmoja la namna hii, likiwa na misimu yote miwili, lina uzito kuliko maneno ya mtaalamu aliyekuja kwa siku mbili.

Huenda mtu akakupinga kwa kusema kwamba ufuo wa Malindi unakua, haupungui. Anasema kweli, ila anazungumzia ufuo mwingine. Ufuo ulio mbele ya mji umekuwa ukipanuka tangu miaka ya 1970 kwa sababu Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji, huleta udongo na mchanga mwingi kutoka bara, na pepo za kaskazi huusukuma kusini hadi ghubani. Uuchote mchanga ule mkononi: ni wa hudhurungi na una chembe zinazometa. Halafu uchote wa kwako. Ikiwa wa kwako ni mweupe, umetokana na mwamba: ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu yake imepitia tumboni mwa pono, samaki anayeguguna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Hazina hiyo ni ndogo kuliko ya mto, nayo hujazwa polepole sana. Hivyo mji kupata mchanga wa Sabaki hakukupi wewe hata pishi moja.

Sasa tuje kwenye mwamba bandia. Kazi yake ni kuyavunja mawimbi mbali na ufuo, ili nyuma yake pawe na maji matulivu ambamo mchanga unaopita utatua na kutokeza tumbo la ufuo kuelekea baharini. Angalia vizuri maneno hayo, “mchanga unaopita”. Mwamba hautengenezi mchanga siku ulipowekwa. Ukiujenga mbele ya shamba lako na ukuta wa jirani ukaendelea kuuzuia mchanga wote, utakuwa umetandika kitanda mahali ambapo hakuna mgeni anayefika.

Ndiyo maana mahali palipofanikiwa, mwamba haukuwekwa peke yake. Huko Gold Coast, Australia, kuta za mdomo wa Mto Tweed zilirefushwa katika miaka ya 1960 na fukwe za kaskazini yake zikaanza kukonda. Ulipojengwa mwamba wa Narrowneck katika miaka ya 1999 na 2000, kwa kushusha mifuko mikubwa ya nguo ya jiotekstaili iliyojazwa mchanga, kila mmoja wa mamia ya tani, ufuo ule uliongezewa pia zaidi ya mita za ujazo milioni 1 za mchanga uliovutwa kwa mabomba. Na pale Tweed kwenyewe, tangu 2001, pampu huuchukua mchanga upande mmoja wa mdomo wa mto na kuutema upande wa pili, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kuta haziondoki na mchanga hauachi kuja.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa hali ya maisha ni Puducherry, huko India. Bandari ya mji ule ilijengewa kuta za kuvunja mawimbi mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muda wa miaka michache ufuo uliokuwa mbele ya mji ukatoweka, pakabaki rundo la mawe, na mmomonyoko ukaendelea kaskazini hadi kwenye vijiji vya wavuvi. Mwaka 2018 wahandisi wa taasisi ya serikali ya teknolojia ya bahari walizamisha mbele ya mji mwamba wa chuma wenye umbo la kabari, ulioshindiliwa mawe, na mchanga uliochimbwa kwenye mdomo wa bandari ukamwagwa ufuoni. Mchanga ukarudi, na watu waliokuwa wamezoea kukaa juu ya mawe wakapata tena mahali pa kutembea. Mimi huufurahia mfano huo, na ndiyo sababu sitaki kuusimulia nusu: maji ya bahari ya Puducherry hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 1 hivi tu.

Kwetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita 3. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ningependa mwanao aifanye mwenyewe. Wimbi la kimo cha mita 1 huanza kuvunjika linapofika penye kina cha mita 1.3 hivi. Tuseme umejenga mwamba ambao kilele chake kinalingana na maji yaliyokupwa. Maji yakipwa, mwamba huo utayavunja mawimbi yote, lakini saa hiyo bahari iko mbali na minazi na hakuna anayehitaji ulinzi. Yakijaa bamvua, juu ya kilele patakuwa na zaidi ya mita 3 za maji, na wimbi lile lile litapita juu yake kama halikuona kitu, likaja moja kwa moja hadi kwenye mizizi. Saa ambayo shamba linaliwa ndiyo saa ambayo mwamba umelala.

Kuna njia mbili za kuikabili shida hii. Ya kwanza ni kuinua kilele hadi kionekane maji yanapokupwa, jambo ambalo huongeza gharama na kuwa hatari kwa vyombo. Ya pili ni kuupanua mwamba, ili hata wimbi lisilovunjika lipoteze nguvu kwa kukwaruzana na sakafu yenye mashimo na vichomozo. Hivyo ndivyo unavyofanya mwamba wetu wa asili, ule ambao mwanao huuvuka kila alfajiri kupitia mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitia vyombo: una upana wa mamia ya mita, na mgongo wake hukauka maji ya bamvua yakipwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali za dunia, ulikuta kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, asilimia 86, hufanywa na ukingo wa nje peke yake. Hakuna kikundi cha kuchangishana, wala serikali ya kaunti, kitakachoweza kujenga kitu cha kulingana na hicho. Matumbawe yetu yalipauka na mengi yakafa katika joto la mwaka 1998. Kila kipande kinachovunjwa kwa nanga au kwa nyavu za kukokota ni tofali linaloondolewa kwenye ukuta unaolilinda shamba lako, na hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimewaona wavuvi wenzetu wakivunja huku wakilia kwamba bahari inawala.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa miamba bandia hawalitaji. Wimbi likivunjika juu ya mwamba, maji yake humwagika upande wa ndani, na lazima yapate pa kutokea. Mwamba ukiwa mrefu na ukiwa karibu mno na ufuo, maji hayo hukimbia sambamba na ukingo yakitafuta njia, na mkondo huo huuchimba mchanga ule ule uliokusudiwa kulindwa. Yalitokea hivyo Palm Beach, Florida, ambako vizuizi vya zege vilizamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ilipofika 1995 vilikuwa vinaondolewa, kwa kuwa nyuma yake mchanga ulipotea zaidi kuliko kabla. Watafiti Ranasinghe na Turner walipoipitia mifano ya vizuizi vilivyozama, katika makala yao ya mwaka 2006, walikuta kwamba vilivyoleta mmomonyoko vilikuwa vingi kuliko vilivyouzuia. Kazi waliyoiendeleza mwaka huo huo inaonyesha kwamba nafasi ya kufaulu huwa kubwa mwamba ukiwa mbali na ufuo kwa angalau mara moja na nusu ya upana wa eneo ambamo mawimbi huvunjikia. Nao huo ni mwanzo tu wa hesabu.

Dada yangu, mimi ningekuwa wewe nisingechanga fedha za mwamba sasa. Ningeanza na ukuta. Ukanda wa ardhi ulio kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji yaliyokupwa ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba, na ujenzi wa namna hiyo ufuoni unahitaji tathmini ya athari za mazingira chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Nendeni ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kama kikundi, pamoja na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, mkaombe kuiona ripoti ya tathmini ya ukuta ule. Ikiwa haipo, mna hoja. Ikiwa ipo, someni ilisema nini kuhusu upande wa kaskazini. Daftari lako la machungwa na nguzo liwe mkononi. Msipoelewana, Malindi kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mkikutana na jirani mwenyewe, msiende na neno moja tu la kubomoa. Ukuta unaweza kufupishwa, au kufunguliwa nafasi karibu na ufuo ili mchanga upite. Au yeye aliyejenga agharimie kuuhamisha mchanga uliojaa kusini mwake na kuumwaga kaskazini, mara moja kila mwaka kusi inapokaribia kwisha. Kazi hiyo inafanyika kwa lori na makoleo, maji yakiwa yamekupwa, nayo ni ile ile inayofanywa na pampu za Tweed, ila kwa kipimo chetu. Baada ya misimu miwili mtapima tena nguzo zenu. Ikiwa bado kuna pengo, hapo ndipo mhandisi wa pwani aitwe kufikiria mwamba bandia, akiwa na vipimo vya kina, vya mawimbi ya kusi na ya kaskazi, na vya bamvua. Na kwa kuwa mko jirani na hifadhi ya bahari iliyotangazwa tangu mwaka 1968, hakikisheni mapema mpaka wake unapita wapi, kwa sababu ndani yake hakuna jiwe linaloshushwa bila Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Mnazi ulioinama usiukate. Mizizi yake bado imeshika udongo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Shela, Lamu. Tumesikia habari za miamba bandia, na baadhi yetu tunaona ingefaa iwekwe mbele ya ufuo wetu kabla bahari haijaanza kuyala machuguu ya mchanga. Wewe unaonaje?
— Kijana wa Shela

JIBU: Kijana wangu, naona mnalipenda jambo jema kabla ya kulihitaji. Shela hakuna ukuta uliokatiza njia ya mchanga, na ufuo wenu mrefu unaotazama bahari kuu hupokea kusi kwa nguvu zake zote; mwamba wa kuhimili mawimbi hayo ungekuwa kazi ya fedha nyingi sana, na kwenye mkondo unaopita kati yenu na Manda usingewekwa kabisa, maana ile ni njia ya majahazi na mashua usiku na mchana.

Kinga yenu mmeirithi tayari, nayo ni machuguu yenyewe. Kusi ikichacha, bahari hukopa mchanga kutoka miguuni mwa machuguu na kuutandaza chini ya maji kama fungu, na fungu hilo ndilo linaloyavunja mawimbi yanayofuata. Hali ikitulia, mchanga hurudi ufuoni na upepo huupandisha tena. Huo ni mwamba bandia ambao hakuna aliyeujenga. Hufanya kazi maadamu hakuna mtu aliyeyakata majani yanayoushika mchanga, au aliyejenga ukuta wa nyumba chini ya chuguu na kuizuia bahari isikope. Tena chini ya machuguu hayo ndiko yaliko maji matamu ambayo mji wa Lamu huyanywa, kwa sababu mvua huzama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi. Akija mtu kutaka kiwanja pale, nguvu zenu zote zielekezeni kwake.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana kimepata matairi chakavu zaidi ya 500 na mabodi mawili ya matatu mbovu. Tunaweza kuyazamisha yawe mwamba wa kuzuia mmomonyoko na pia makazi ya samaki?
— Kikundi cha vijana, Malindi

JIBU: Matairi hapana, vijana wangu, hata moja. Karibu na Fort Lauderdale, Florida, matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa katika miaka ya 1970 kwa nia njema kama yenu. Vifungo vikaoza, dhoruba zikayatawanya, yakawa yanabingirika chini ya bahari na kuyasaga matumbawe hai, na miaka mingi baadaye wazamiaji wa jeshi wakatumwa kuyatoa. Tairi ni jepesi ndani ya maji, na matumbawe hayashiki vizuri juu yake.

Mabodi ya magari nayo ni bati jembamba. Yataliwa na kutu mapema, tena yana rangi na mafuta. Mtaniuliza mbona meli ya MV Dania ilizamishwa nje ya Bamburi mwaka 2002 na leo ina samaki tele. Meli ile ni ya chuma kizito, ilisafishwa kwanza, na ilizamishwa penye kina kirefu kwa ajili ya samaki na wazamiaji. Haivunji wimbi lolote, wala haikukusudiwa kuvunja. Makazi ya samaki na kinga ya ufuo ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza yaweza kufanywa kwa vitalu vya saruji vyenye matundu, vizito kiasi cha kutosogezwa na kusi, vikiwekwa kwa kibali na mbali na njia za vyombo. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, pandeni gari mwende Kuruwitu, upande wa kusini wa Kilifi, mkazungumze na wavuvi waliofunga sehemu ya bahari yao tangu katikati ya miaka ya 2000. Waulizeni walianzaje, nani aliwapinga, na samaki walirudi baada ya muda gani. Matairi yapelekeni kwa fundi wa makubazi.